Maana ni ya Wote, Jina ni la Mwenyewe

Wahenga walisema kuwa mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Neno hili walilisema kwa habari ya mapenzi na uaminifu, wala hawakuwa na darubini ya kuonea mambo yaliyositirika mwilini. Lakini elimu ya tiba imelithibitisha kwa njia ambayo wao hawakuitazamia. Yako maradhi ambayo hatari yake haiokotwi njiani wala haiambukizwi kitandani kwa mgonjwa. Mtu huipokea kwa baba au kwa mama, kama apokeavyo rangi ya macho na umbo la pua. Miongoni mwa maradhi hayo ni baadhi ya saratani za matiti na za ovari.

Hatari hiyo sasa yaweza kupimwa. Damu kidogo au mate hupelekwa maabara, na baada ya siku kadhaa jibu hurudi. Neema kama hii ingestahili kupokewa kwa shukrani tu, kama si upotovu ulioingia katika biashara yake. Kila kipimo cha namna hii huzaa mambo mawili. La kwanza ni maana, yaani maarifa ya kwamba badiliko fulani katika urithi wa mwili huleta saratani au halileti. La pili ni jina, yaani habari ya kwamba badiliko hilo limo katika mwili wa mtu fulani, mtoto wa fulani. Maana ni mali ya watu wote, na haki yake ni kutangazwa. Jina ni mali ya mwenyewe, na haki yake ni kusitiriwa. Sokoni mambo haya mawili yamepinduliwa: maana imefungiwa sandukuni, na jina limenadiwa. Upinduzi huo ni dhuluma, na haifai wasomi kuutazama kama jambo la kawaida.

Ili kujua maana ni mali ya nani, yafaa kuuliza ilitoka wapi. Mwaka 1866 tabibu wa Ufaransa, Paul Broca, alichapisha habari za jamaa ya mke wake, akaonyesha jinsi saratani ilivyowaandama wanawake wa ukoo ule kizazi baada ya kizazi. Zaidi ya miaka mia moja ikapita kabla ya jambo hilo kupata maelezo. Mtaalamu wa Marekani, Mary-Claire King, alitumia miaka mingi kuitafuta jeni yenye lawama, wakati ambapo wenzake wengi waliona kuwa anafuata kivuli. Mwaka 1990 yeye na wenziwe wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitangaza kwamba mahali pa jeni hiyo ni katika kromosomu ya 17. Ushahidi wao ulitoka katika koo 23 zilizokuwa na wagonjwa 146. Mwaka 1994 watafiti wa Utah, pamoja na kampuni ya Myriad Genetics iliyoanzishwa huko, waliisoma jeni yenyewe, iitwayo BRCA1. Mwaka 1995 kundi la Uingereza lililoongozwa na Michael Stratton lilitangaza jeni ya pili, BRCA2.

Katika kila hatua ya safari hii wapo watu ambao majina yao hayamo katika vitabu. Ni wanawake waliotoa damu huku wakiuguza dada zao. Ni wazee waliokubali kuulizwa habari za marehemu wao. Koo za Utah zilifaa kwa utafiti kwa sababu watu wa dini ya Mormoni walikuwa wametunza nasaba zao kwa bidii vizazi vingi. Fedha za umma nazo zilitumika. Basi maana hiyo ilijengwa kwa damu ya wengi, kwa kumbukumbu ya wengi na kwa kodi ya wengi. Mtaalamu aliyeisoma alistahili sifa, na maabara iliyopima ilistahili ujira. Lakini kustahili ujira ni jambo moja, na kustahili miliki ni jingine.

Sasa itazamwe kazi ya kipimo chenyewe, maana wengi huisifu au huilaumu bila kuifahamu. Jeni ni kama andiko refu lililonakiliwa mara nyingi kutoka kizazi hadi kizazi. Kazi ya BRCA1 na BRCA2, zikiwa nzima, ni kusaidia mwili kutengeneza yaliyovunjika ndani ya chembe zake. Nakala ikikosewa mahali fulani, msaada huo hupungua, na saratani hupata mlango. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa katika kila wanawake 100 wenye badiliko baya la BRCA1, wapata 72 watashikwa na saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80, na wapata 44 watashikwa na ya ovari. Kwa BRCA2 hesabu hizo ni 69 na 17. Katika wanawake wote wa Marekani kwa jumla, saratani ya matiti huwapata wapatao 13 katika 100. Mzazi mwenye badiliko, awe mama au baba, huweza kumrithisha kila mtoto kwa bahati ya nusu kwa nusu. Kwa hiyo msichana huweza kuupokea urithi huu kwa baba ambaye hajaugua hata siku moja. Saratani nyingi za matiti hazitokani na urithi wa namna hii, lakini kwa ukoo wenye badiliko hilo jambo si dogo.

Kipimo huweza kutoa majibu ya namna tatu. La kwanza husema kuwa badiliko baya limeonekana. Jibu hili ni chungu, lakini lina njia: mwanamke huweza kuchunguzwa mapema na mara kwa mara, huweza kushauriana na madaktari juu ya kuondolewa ovari au matiti kabla ya ugonjwa, na kama ameugua tayari ziko dawa zinazofaa zaidi kwa saratani ya namna yake. La pili husema kuwa hakikuonekana kitu. La tatu ndilo gumu. Husema kuwa badiliko limeonekana, lakini maana yake haijulikani. Mwenye jibu hilo si mzima wala si mgonjwa. Hawezi kufurahi na dada zake, wala hawezi kuwaonya. Amelipa apate mwanga, akapewa ukungu.

Ukungu huo huondolewaje? Hauondolewi kwa kulitazama badiliko hilo moja usiku na mchana. Njia kubwa ni kulinganisha. Badiliko lile lile hutafutwa kwa watu wengine, ikaangaliwa kama waliougua wanalo na kama wazee wenye afya wanalo pia. Likionekana kwa wagonjwa wa koo nyingi, hujulikana kuwa ni baya. Likionekana kwa wazima wengi, hujulikana kuwa halina dhara. Hapo ndipo ilipo siri ya jambo zima. Jibu la mwanamke mmoja hukaa katika damu ya mwanamke mwingine asiyemjua. Mgonjwa wa Ibadan huweza kuwa na ufunguo wa jibu la mgonjwa wa Chicago. Anayelificha daftari la malinganisho hayo hafichi mali yake. Anaficha majibu ya watu wengine.

Na daftari lilifichwa. Myriad ilipata hataza za jeni hizi, yaani haki iliyotolewa na serikali ya kuwazuia wengine wasiitumie kazi iliyoandikishwa. Kwa nguvu ya hataza hizo maabara za vyuo vikuu vya Marekani zilionywa ziache kupima, na kwa miaka mingi kampuni moja tu ilikuwa mlango wa kipimo kamili katika nchi ile. Bei ilipita dola 3,000. Mwanamke aliyepewa jibu zito, akataka maabara ya pili ithibitishe kabla ya kukubali kisu cha daktari, hakuwa na pa kwenda. Mwaka 2009 vyama vya wataalamu, madaktari na wagonjwa walikwenda mahakamani. Tarehe 13 Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa kwa sauti moja, iliamua kwamba kipande cha jeni kilichoumbwa na maumbile hakiwi uvumbuzi wa mtu kwa sababu tu amekitenga na mwili. Kitu kilichotengenezwa maabara kwa kunakili jeni kiliachiwa nafasi ya kupewa hataza, lakini jeni ya mwili ikawa huru.

Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini furaha yao iliwafanya wengine wasione kwamba kufuli lilikuwa mbili, na mahakama ilifungua moja. Tangu miaka ya mwanzo lilikuwako daftari la umma ambamo maabara ziliandika mabadiliko ya jeni hizi na maana zake. Mwaka 2004 Myriad iliacha kulichangia daftari hilo. Kwa miaka mingi baadaye, kila mgonjwa aliyepita katika mlango wake mmoja aliongeza ukurasa katika daftari lake la siri. Hataza ilikuwa na mwisho wake katika sheria. Siri haina mwisho. Hataza angalau humlazimisha mwenyewe kutangaza alichokipata. Siri humruhusu kula asichokitangaza.

Watetezi wa siri hiyo wana hoja, na haifai kuzipita bila kuzijibu. Husema kwanza kwamba daftari liligharimu fedha nyingi, na kwamba mtu asipopata faida hatafanya kazi tena. Hoja hii ina sura nzuri lakini haina miguu. Mchimba kisima hulipwa ujira wa jembe lake, wala hapewi miliki ya mvua. Kampuni ilikwisha lipwa kwa kila kipimo, tena kwa bei iliyoiweka yenyewe bila mshindani. Kudai kwamba malipo hayo hayakutosha, na kwamba kila aliyelipa ameacha pia ufahamu wa mwili wake uwe mtaji wa mwingine milele, ni kumtoza mtu mmoja mara mbili: mara moja katika mfuko na mara moja katika damu. Tena mambo yaliyotukia yameshuhudia. Siku ile ile ya hukumu ya mwaka 2013 maabara nyingine zilitangaza kuwa zitapima, bei zikaanza kushuka, na biashara ya vipimo haikufa. Ilikua.

Husema pili kwamba kazi ikifanywa na mikono mingi hupotea ubora. Lakini ubora wa hesabu hujulikana kwa mtu wa pili kuihesabu upya. Maabara isiyoonyesha kwa nini imeliita badiliko fulani baya, na jingine jema, haitaki kuaminiwa kwa ubora wake. Inataka kuaminiwa kwa sababu hapana mwingine. Elimu haikujengwa hivyo. Mwanachuoni anayekataa kuonyesha ushahidi wake hufukuzwa katika baraza la wanachuoni, hata kama alisema kweli.

Husema tatu kwamba maana ikitangazwa, siri za wagonjwa zitatoka pamoja nayo. Hii ndiyo hoja ya heshima kuliko zote, nayo ndiyo inayodanganya kuliko zote, kwa kuwa inachanganya maana na jina. Daftari la maana halihitaji kuandika kwamba binti wa fulani ana badiliko. Huandika kwamba badiliko hili limeonekana, katika wagonjwa wangapi na wazima wangapi, na kwamba kwa hiyo hukumu yake ni hii. Jambo hili si ndoto. Mwaka 2013 taasisi za afya za serikali ya Marekani zilifungua daftari la umma liitwalo ClinVar, na baadaye likafuata jingine la mataifa mengi kwa ajili ya jeni hizi mbili, liitwalo BRCA Exchange. Hata kabla ya hapo madaktari walikuwa wakizikusanya karatasi za majibu walizopewa na wagonjwa, wakafuta majina, wakaziweka mahali pa wote. Walichofanya ni kurudisha mkate wa umma kipande kwa kipande, kwa kuwa mwenye ghala alikataa kufungua mlango.

Dhara ya ghala lililofungwa haiwaangukii watu wote sawasawa. Madaftari ya jeni, ya siri na ya wazi, yalijazwa zaidi kwa damu ya watu wa asili ya Ulaya. Kwa sababu hiyo mtu wa asili ya Afrika akipimwa hupewa jibu la tatu, lile la ukungu, mara nyingi kuliko Mzungu. Si kwamba mwili wake ni fumbo zaidi. Ni kwamba wenzake hawakuandikwa. Nao wapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 juu ya wanawake wa Nijeria, ambao miongoni mwa wataalamu wake walikuwamo Olufunmilayo Olopade na Mary-Claire King, uliwapima wagonjwa 1,136 wa saratani ya matiti, ukakuta kwamba wapata 15 katika kila 100 walikuwa na badiliko baya la kurithi, na nyingi za jeni zilizohusika zilikuwa BRCA1 na BRCA2. Uchunguzi mdogo zaidi wa Uganda na Kamerun, uliotolewa mwaka 2020, ulipata hesabu inayokaribiana na hiyo. Basi wanaodhani kwamba mambo haya ni anasa ya nchi tajiri wamedanganyika. Mwanamke wa Kampala ana haki katika daftari hilo kama mwanamke wa Utah, na daftari linamhitaji yeye kama yeye anavyolihitaji.

Yaliyosemwa mpaka hapa ni dhuluma ya kuficha kinachopasa kutangazwa. Iko ya pili, ya kutangaza kinachopasa kufichwa. Kampuni ya 23andMe ya California iliwauzia watu kipimo cha mate kwa njia ya posta. Mwaka 2018 serikali ya Marekani iliiruhusu kutoa habari za mabadiliko matatu ya BRCA1 na BRCA2, yaonekanayo zaidi kwa Wayahudi wa asili ya Ulaya ya mashariki na ya kati, ambao mmoja katika kila 40 analo mojawapo. Mabadiliko mabaya yanayojulikana katika jeni hizi yamezidi elfu moja. Kwa mtu asiye wa asili hiyo, jibu la kwamba hakikuonekana kitu lilikuwa kama habari ya mlinzi aliyechungulia madirisha matatu ya jumba lenye madirisha elfu, akasema hakuna mwizi. Serikali ilionya hivyo, lakini onyo huandikwa kwa herufi ndogo, na tumaini husomwa kwa herufi kubwa.

Hilo lingeweza kusamehewa kama kosa la uelewaji. Lililofuata haliwezi. Mwaka 2023 wezi wa mitandao walifikia habari za wateja wa kampuni hiyo wapatao milioni 6.9. Machi 2025 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, ikiwa na habari za urithi za watu zaidi ya milioni 15. Ndipo ulimwengu ulipoona kitu kigeni: nasaba za watu na hatari za miili yao zikihesabiwa katika orodha ya mali ya mfilisika, pamoja na meza na viti, na wanunuzi wakishindana bei. Mwaka huo huo mahakama ilikubali ziende kwa shirika lililoongozwa na mwasisi wa kampuni yenyewe, kwa dola milioni 305. Labda ziliangukia mikono myema. Lakini mtu aliyetema mate katika kichupa ili ajijue hakuwa amekubali kwamba siku moja usalama wa jina lake utategemea wema wa mnunuzi.

Tena jina hili si la mtu mmoja. Anayepimwa hupima nusu ya mwanawe na sehemu ya dada yake, ambao hawakuulizwa. Ndiyo maana mwenye kupata jibu baya ana wajibu wa kuwaambia ndugu zake, na tabibu ana wajibu wa kumshauri afanye hivyo, kwa kuwa mficha maradhi kifo humwumbua. Lakini kumwambia ndugu ni tendo la upendo linalotoka katika kinywa cha mwenyewe. Kumwambia mwajiri au mwenye bima ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 iliwakataza waajiri na wenye bima ya afya kumbagua mtu kwa urithi wake, lakini haikuigusa bima ya maisha wala bima ya ulemavu. Mwanya huo huwafanya watu wengine waogope kupima, na woga huo huua kama saratani yenyewe. Kenya katika sheria ya mwaka 2019 na Tanzania katika sheria ya mwaka 2022 zimezihesabu habari za jeni kuwa habari nyeti. Ni mwanzo mwema, lakini sheria ya kulinda jina ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulazimisha maana itolewe.

Kwa hiyo wanaotunga sheria, wanaosomesha tiba na wanaotoa fedha za utafiti wana kanuni moja nyepesi ya kufuata. Maabara yoyote itakayoruhusiwa kupima iandike kila badiliko inalolikuta, na sababu za hukumu yake, katika daftari la wote. Isipofanya hivyo, isipewe ruhusa. Maabara hiyo hiyo isiliuze jina, isilikopeshe, isiliweke rehani, wala isilihesabu katika mali yake ikifilisika. Mwenye jina akitaka lifutwe, lifutwe. Na chuo kikuu kitakachochukua damu ya wanawake wa Afrika Mashariki kisiisafirishe kwenda kujaza daftari ambalo wenye damu hawataruhusiwa kulisoma.

Watasema kwamba masharti hayo ni mazito kwa biashara. Ni mazito, na yafaa yawe hivyo. Mwanamke anayengojea jibu, akiwa amemzika mama na anamtazama binti yake akicheza uani, amebeba uzito uliozidi huo. Anaomba mambo mawili: aambiwe kweli yote iliyokwisha julikana juu ya mwili wake, na asisemwe kwa mtu ambaye yeye hakumtuma. Soko lililoshindwa kumpa haya mawili halina haki ya kujiita msaidizi wake.